TAJI LA DIANA LILIVYOFIKA SEME

Mpenzi msomaji, kabla hujaanza kunicheka kwamba mvulana mzima wa kidato cha tatu ameacha kuandika habari za Gor Mahia akaandika habari za mapambo ya mabibi harusi, naomba unisikilize kwanza. Mimi si msusi wala si mshonaji. Nilitumbukia katika jambo hili kwa sababu ya lulu moja tu, tena lulu yenyewe ilikuwa ya plastiki, iliyomtoa baba yangu shilingi mia tano taslimu.

Kisa chenyewe ni hiki. Disemba iliyopita dada yangu mkubwa aliolewa. Ibada ilikuwa hapa mjini Kisumu, na sherehe ikawa kwa wakwe zetu huko Seme. Kamati ya harusi ilikodi gauni, shela na taji katika duka moja la mjini. Taji peke yake lilikodiwa kwa shilingi elfu moja, na juu yake tukaweka amana ya elfu mbili ambayo tungerudishiwa. Mwenye duka alilitoa katika sanduku lililotandikwa kitambaa cheusi cha mahameli, akalishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika yai, akasema, "Hili ndilo taji la Diana. Hili hasa ndilo alilovaa siku ya harusi yake." Dada aliposikia hivyo, mengine yote yaliyopangwa kwenye rafu hakuyaona tena.

Mimi nilipewa kazi ya kulinda sanduku. Nililala nalo chini ya mto. Asubuhi ya harusi, nyumba yetu ya Manyatta ikiwa imejaa shangazi kila pembe, msusi alikuwa akilibana taji kwenye nywele tuliposikia "tik!" Lulu moja ikaanguka, ikabiringika, ikapotea. Tulitafuta chini ya viti, tukatafuta ndani ya viatu vya watu, wapi! Honi za magari zikawa zinatuita, ikabidi twende.

Jumatatu nilirudisha taji pamoja na baba. Mwenye duka alizihesabu lulu mojamoja, akakuta pengo, akakata mia tano katika amana yetu. Baba aliuliza lulu moja ya plastiki inakuwaje mia tano. Jibu likawa, "Mzee, hiyo ni lulu ya taji la Diana." Baba hakusema neno mpaka tulipoingia kwenye tuktuk. Ndipo aliponigeukia akaniuliza, "Huyo Diana ni nani hata anitoze mia tano?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu Januari, kwa mwalimu wa Historia, kwa mwalimu wa Fizikia, maktabani na kwenye saiba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue taji la aina hii ni kitu gani. Katika nchi za Ulaya, hasa Uingereza, koo za malodi na makabaila zilikuwa na mapambo ya kichwani ya almasi yaliyorithiwa kizazi baada ya kizazi. Hayakuwa mataji ya kutawalia. Mfalme ana taji lake la kuapishwa, hilo ni jingine kabisa. Haya yalikuwa ya wanawake, nusu duara, huvaliwa katika karamu kubwa na harusi. Desturi yao ilikuwa kwamba msichana asiyeolewa havai taji. Siku ya arusi ndiyo siku yake ya kwanza, na kwa kawaida analovaa siku hiyo ni la nyumbani kwao alikozaliwa. Kwa hiyo taji lilikuwa kama barua ya utambulisho: huyu ni binti wa fulani bin fulani, na bibi yake alivaa hili hili.

Lakini si kila mtu mkubwa alivaa almasi. Malkia Victoria, yule ambaye John Hanning Speke alilipa ziwa letu jina lake mwaka wa 1858 (kana kwamba Nam Lolwe halikuwa na jina), alipoolewa mwaka wa 1840 alivaa kichwani maua ya mchungwa. Gauni lake jeupe likaigwa na dunia nzima, mpaka leo hapa Kisumu bibi harusi asiye na gauni jeupe watu huuliza kulikoni. Maua ya mchungwa hayakufika. Nadhani ni kwa sababu yananyauka.

Sasa tuje kwa Diana mwenyewe. Diana Spencer aliolewa na Mwanamfalme Charles tarehe 29 Julai 1981 katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Watu waliotazama kwenye televisheni duniani kote wanakadiriwa kufika milioni 750. Taji alilovaa siku hiyo halikuwa la malkia. Lilikuwa la ukoo wa Spencer, yaani kwao. Sehemu yake ya katikati ilitokana na zawadi ya harusi iliyotolewa katika ukoo huo mwaka wa 1919, na sehemu nyingine zikaongezwa baadaye hadi miaka ya thelathini. Dada zake wawili walikuwa wamelivaa kabla yake kwenye harusi zao. Mwaka wa 2018, zaidi ya miaka ishirini baada ya Diana kufariki, binti wa dada yake akalivaa naye.

Nilipoiona picha ya taji hilo niliruka kitini. Lina maua, lina mizunguko kama ya mmea utambaao, na katikati lina umbo kama moyo. Lulu zinazoning'inia halina hata moja! Na taji letu lilikuwa na lulu kumi na moja (kumi baada ya ajali), kila moja ikining'inia ndani ya tao lake kama kengele.

Taji lenye lulu za namna hiyo liko, na Diana alilivaa kweli, ila si siku ya harusi. Linaitwa Fundo la Wapenzi, kwa sababu juu ya kila tao pana umbo la utepe uliofungwa fundo. La kweli lina matao kumi na tisa. Hilo ni mali ya familia ya kifalme. Malkia Elizabeth wa Pili alimwazima Diana baada ya kuolewa, akawa analivaa kwenye karamu za kitaifa, na walipotalikiana na Charles mwaka wa 1996 likarudi kwa wenyewe. Siku hizi analivaa Catherine, mkewe Mwanamfalme William. Mwenye duka basi alikuwa amechanganya mataji mawili, akamvisha Diana la karamuni siku ya kanisani. Sijui kama alidanganya au naye alidanganywa na aliyemwuzia.

Lakini ngoja, kuna jambo lililonistaajabisha zaidi. Hilo Fundo la Wapenzi lenyewe ni nakala! Kabla kidogo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Malkia Mary, nyanya yake Elizabeth, aliagiza masonara wa Garrard mjini London wamtengenezee taji linalofanana na lile lililokuwa la nyanya yake yeye, Augusta wa Cambridge. Alilipenda, lakini lilikuwa limerithiwa na watu wengine wa ukoo. Basi akafanya alivyofanya dada yangu: akatafuta la kufanana nalo. Tofauti ni kwamba Mary alitumia almasi na lulu za kweli, na hakulipa amana. Kwa hivyo taji lililofika Seme lilikuwa nakala ya nakala. Nilipomweleza baba hivyo alisema kumbe mia tano ile ingepaswa kugawanywa mara mbili.

Hapa wapenzi wa Fizikia wanisogelee. Kwa nini almasi inametameta na kipande cha chupa hakimetameti, ilhali vyote viwili ni vyeupe na vyote hupitisha nuru? Tulifundishwa mwaka huu kwamba nuru ikitoka hewani ikaingia katika kitu kizito zaidi, hupinda. Kipimo cha kupinda huko katika almasi ni 2.42. Katika kioo cha kawaida ni kama 1.5 tu. Ukipiga hesabu ya pembe ya ukomo utapata kwamba katika almasi ni karibu digrii 24, na katika kioo karibu digrii 42. Maana yake ni nini? Nuru ikishaingia ndani ya almasi iliyochongwa vizuri, kila inapogonga ukuta wa nyuma hukuta njia imefungwa, ikarudi, ikagonga kwingine, ikarudi, mpaka itoke mbele ilikoingilia na kumpiga mtazamaji machoni. Katika kioo mlango wa nyuma ni mpana. Nuru nyingi inatorokea huko kama wanafunzi wanaopita nyuma ya maabara saa za riadha.

Mafundi wa zamani waliugundua ugonjwa huo wakautafutia dawa mbili. Ya kwanza ni kutia madini ya risasi ndani ya kioo kinapoyeyushwa, ili kipinde nuru zaidi. Ya pili ni kubandika karatasi ya madini inayong'aa nyuma ya kila kipande, ili nuru inayotaka kutoroka irudishwe. Fundi aliyesifika sana kwa kazi hiyo ni Georges Frédéric Strass, aliyefanya kazi Paris katika karne ya 18. Wafaransa mpaka leo vito vya kioo huviita kwa jina lake. Mwaka wa 1895 Daniel Swarovski akafungua kiwanda Wattens nchini Austria cha kuchonga kioo kwa mashine, na vito vya bandia vikawa vingi na sawasawa kama punje za mahindi.

Msidhani vito hivi vilitengenezewa watu maskini. Malodi wenyewe ndio waliovinunua. Bibi wa ukoo mkubwa akisafiri aliogopa wanyang'anyi, hivyo aliacha almasi benki akavaa kioo. Wengine walifanya ya siri zaidi: deni likizidi, waliuza almasi za kweli kimyakimya wakabaki wakivaa nakala karamuni, na wageni wakiendelea kuinama mbele ya kioo bila kujua.

Haya ya siku hizi yanayokodishwa mjini mengi hutoka China. Mengine hutengenezwa hivi: madini laini yaliyochanganywa na zinki huyeyushwa, humiminwa ndani ya kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi ili yafike kila tundu, kisha yakipoa hupakwa ngozi nyembamba ya rangi ya fedha. Vito hubandikwa kwa gundi au hushikwa kwa vijikucha. Lulu ni shanga za plastiki zilizopakwa rangi. Sonara (neno hili tumelipata kwa Wahindi, na hapa Kisumu masonara Wahindi wamekuwapo toka zamani) angelitazama taji kama hilo mara moja tu akakurudishia.

Kama dada yako yuko karibu kuolewa, mwambie mambo machache. Apulizie nywele dawa kwanza, ikauke, ndipo avae taji, kwa sababu unyevu ukipenya nyuma ya kito ile karatasi inachujuka na kito kinakuwa na jicho jeusi lisilopona. Akiona kipaji kinamwasha, huenda ni nikeli iliyo katika madini hayo. Azungushie utepe sehemu ya chini. Tena, na hili ndilo kubwa, ahesabu lulu palepale dukani mbele ya mwenye duka na ziandikwe kwenye risiti. Sisi hatukuhesabu. Nani ajuaye, pengine lile pengo lilikuwa na gundi ya harusi tatu zilizotutangulia!

Nilijifariji niliposoma kwamba hata wakubwa huvunjikiwa. Tarehe 20 Novemba 1947, asubuhi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth na Philip, taji alilokuwa anavishwa lilikatika. Alikuwa ameazimwa na mama yake, nalo lilitengenezwa mwaka wa 1919 kutokana na mkufu wa almasi ambao Malkia Victoria alimpa Mary kama zawadi ya harusi. Likakimbizwa kwa fundi, likaungwa, akaenda nalo kanisani, na ukitazama picha kwa makini utaona pengo dogo juu ya kipaji. Elizabeth huyo ndiye aliyekuwa hapa Kenya, huko Nyeri, tarehe 6 Februari 1952 baba yake alipofariki, akawa malkia. Basi kumbe yeye pia alivaa cha kuazima na pengo lake likaonekana. Sikusoma popote kwamba mama yake alimkata mia tano.

Nakaribia mwisho, lakini siwezi kumwacha Dani. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya nyumbani. Alikuwa ametoka Nyakach kuja harusini, na usiku wa kuamkia harusi alitaka aone kilichomo kwenye sanduku ninalolilinda hivyo. Nikafungua. Alilitazama kwa muda, akaniuliza, "Hiki ni cha nani?"

"Ni cha kukodi, Dani."

"Nani wa kwenu aliyekivaa?"

"Hakuna, Dani."

Akafunga sanduku yeye mwenyewe. Kisha akaniambia kwamba zamani za nyanya yake yeye, alama ya mwanamke aliyeolewa haikukaa kichwani. Ilikuwa chieno, mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni nyuma. Cha kichwani kilikuwa cha wanaume, tena si kila mwanamume. Kiliitwa kondo: meno ya kiboko yaliyopinda kama mwezi mchanga juu ya kipaji, na manyoya ya mbuni juu yake. Alipoolewa alilikuta kondo moja kwa baba mkwe, limetundikwa ndani chini ya paa, na watoto hawakuruhusiwa kuligusa.

"Liko wapi sasa?" nikauliza.

Liliuzwa. Katika miaka ya sitini babu mdogo alipata nafasi katika shule ya sekondari, karo haikuwapo, na akapita mgeni aliyekuwa akinunua vitu vya kale. Dani hamjui jina wala hajui alikolipeleka. Alichokumbuka ni kwamba bei yake ilitosha karo ya muhula mmoja na blanketi. Nilimwuliza kama baba mkwe alihuzunika. Dani akacheka, akasema babu mdogo aliendelea kulivaa, ila alilivaa kwa ndani ya kichwa, akawa mwalimu.

Nimefikiria jambo hilo sana. Meno ya kiboko leo huwezi kuyapata hata ukitaka. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na viboko wa Dunga wanalindwa na sheria. Ndiyo maana kikundi chetu cha ngoma kilipojiandaa kwa tamasha ya muziki, yale meno mliyoyashangilia ukumbini yalikatwa kutoka bomba jeupe la maji. Nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyeyashikilia yakikatwa kwa msumeno, na mwalimu akayapasha moto yakapinda. Manyoya yalikuwa ya jogoo. Mzee mmoja aliyeketi mstari wa mbele alisimama tulipoingia jukwaani, akavua kofia. Sijui aliona bomba au aliona kondo.

Mtaniuliza basi, dada yangu alidanganywa? Mimi nasema alidanganywa jina, hakudanganywa taji. Alilipa elfu moja ili ang'ae siku moja, na aling'aa, wakwe wa Seme ni mashahidi. Kilichoniuma ni vile alivyoambiwa ni la Diana, na sisi sote tukaamini kwamba la Diana ndilo linalopaswa kuwa juu ya kichwa chake, wala hakuna aliyemwuliza Dani neno lolote mpaka yeye mwenyewe alipofungua mdomo.

Mwezi wa pili tulipaka nyumba rangi. Tulipolisogeza kabati la vyombo, lulu ikatokea, imekwama kwenye ufa wa sakafu. Niliisugua kwenye meno kama nilivyosoma, kwa kuwa lulu ya kweli hukwaruza kama mchanga na ya bandia huteleza. Iliteleza. Upande mmoja rangi ilikuwa imebanduka. Niliosha mikono nikamwambia baba nimfikishie mwenye duka ili aturudishie mia tano yetu. Baba aliipokea, akaigeuza kwenye kiganja, akaifunga ndani ya ile risiti ya dukani na kuiweka katika bahasha anamoweka hati ya shamba la Nyakach.

"Usiipeleke popote," alisema. "Hii tumeinunua. Ni yetu."